Kumwoa Mke Wangu Tena

Watu wa kwetu Bungoma huihesabu ndoa kwa ng'ombe. Yangu ilikuwa na ng'ombe wake, ikawa na wazee waliokula wakashiba, ikawa na blanketi la mama mkwe na koti la baba mkwe, na shangazi zangu waliimba kutoka lango la wakwe hadi barabarani mpaka sauti zikakauka. Kitu kimoja tu haikuwa nacho: karatasi. Wala hatukujua kwamba tumeikosa hadi mke wangu alipokwenda Uingereza.

Alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Kitale. Mimi niliuza mbegu za mahindi na dawa za mifugo katika duka la mtu pale mjini, na tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Kibomet. Miaka hiyo ya mwanzo wa elfu mbili, wauguzi walikuwa wakiondoka nchini kama kumbikumbi baada ya mvua. Leo unasikia huyu ameenda, kesho yule. Nafasi yake ilipotokea tuliizungumza kwa siku nyingi, tukikubaliana asubuhi na kukataa jioni. Mwisho akaniambia, "Wacha nitangulie. Nikishakaa sawa nitakuita, uje tukae pamoja." Nikamsindikiza, nikarudi Kibomet kwenye vyumba viwili ambavyo ghafla vilikuwa vingi mno kwa mtu mmoja.

Habari za mtu haziwezi kufichwa dukani. Wakulima waliokuja kununua mbegu kutoka Kachibora na kwingineko walizijua kabla sijawaambia. Mmoja wao, mteja wangu wa miaka mingi, aliegemea kaunta akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Nasikia unaolewa Ulaya, bana. Hao Wazungu watapeleka ng'ombe wangapi kwenu?" Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa sababu ukinuna umekwisha. Lakini nilipokuwa nikimpimia mbegu zake mkono ulikuwa mzito. Sikuwahi kusikia mwanaume wa kwetu aliyemfuata mkewe mahali. Mke ndiye hufuata.

Jumapili mchana ndiyo siku yake ya kupiga simu. Alinunua kadi ya simu huko, nami huku nilisimama nje ya nyumba, upande wa kichaka cha ndizi, mahali ambapo simu yangu ilishika vizuri. Siku hiyo hakuuliza habari za mvua wala za mama.

"Nimeulizia," akasema. "Naweza kukuleta kama mume wangu. Lakini wanataka uwe na pasipoti, na wanataka cheti cha ndoa."

"Cheti cha ndoa gani?"

"Si ya kwetu?"

"Ya kwetu haina cheti," nikamwambia. "Ya kwetu ina ng'ombe."

Akacheka, akacheka, mpaka nikasikia kicheko chake kimegeuka kitu kingine. Kila Desemba tulipanga kufunga ndoa kanisani, na kila Desemba ilikuja na zamu za hospitali, au mavuno, au msiba wa mtu. Sasa yeye alikuwa kwenye mji wa kaskazini ambako jua huzama saa kumi jioni, na ushahidi wote wa kwamba mimi ni mume wake ulikuwa vichwani mwa wazee.

Mwanasheria niliyemwendea alikuwa na ofisi juu ya duka la viatu. Alinisikiliza huku akifunga na kufungua kalamu. Wazee wanaweza kuapa, akasema, na kiapo chao ni halali, lakini ubalozini wanapenda cheti, na mtu anayetaka kitu asianze kwa kubishana. "Mwoe kwa DC, ofisini kwa mkuu wa wilaya," akaniambia. "Itakuwa rahisi."

"Nimwoe nani?"

"Mke wako."

"Nilishamwoa."

"Mwoe tena."

Nikashuka ngazi nikijicheka peke yangu. Lakini kabla ya cheti cha ndoa kulikuwa na pasipoti, na pasipoti ilitaka cheti cha kuzaliwa, nami nilizaliwa nyumbani chini ya Mlima Elgon, msimu wa kupalilia, mikononi mwa nyanya yangu. Hakuna aliyeandika chochote siku hiyo. Wote walikuwa na matope mikononi.

Basi nikaenda Bungoma na mama. Tulibeba barua ya chifu, kadi yangu ya ubatizo, cheti cha darasa la nane na kitambulisho. Mama alivaa lile gauni lake la mikutano ya akina mama kanisani, akafunga kitambaa kichwani kwa nguvu kana kwamba tunakwenda kortini. Karani wa vizazi alizipanga karatasi zetu mezani, akazitazama, akazitazama tena. Kisha akatuonyesha kitu ambacho katika maisha yangu yote sikuwa nimekiona. Katekista aliyenibatiza aliandika jina langu kwa R. Mwalimu wa darasa la kwanza aliliandika kwa L, na kuanzia hapo L hiyo ikanifuata hadi kwenye kitambulisho.

"Mama," karani akasema, "mtoto wako anaitwa nani?"

Mama akalitaja jina langu.

"Hapo katikati, ni *la* ama ni *ra*?"

Mama akalitaja tena, polepole, kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya mto. Na kusema kweli, mimi mwenyewe sikuweza kujua alichosema. Ilikuwa sauti ninayoijua kuliko zote, na haikuwa L wala R. Karani, ambaye alikuwa mtu wa kwetu pia, akajaribu kulitamka ili amsaidie, likamtoka kwa njia ya tatu.

"Ona," mama akasema. "Hata wewe hujui kurisema."

"Mama, mimi nataka tu kujua niandike gani."

"Mimi ndiye nilimzaa. Nikimwita anaitika. Unataka nini ingine?"

Karani akavua miwani, akafuta macho. Alikuwa anacheka bila kutoa sauti. Akatuelekeza tukaape kwamba mwenye L na mwenye R ni mtu mmoja. Mbele ya hakimu mama aliishika Biblia kwa mikono miwili. Aliposomewa maneno ya kiapo aliyarudia yote sawasawa, kisha akaongeza la kwake ambalo halikuwa limeandikwa: "Na sikuzaa mapacha." Hakimu akasema limesikika.

Cheti kilipotoka mama alikishika, akaliangalia jina bila kulisoma, kwa sababu hakujua kusoma, akaniuliza, "Kwa hivyo sasa ndio umezaliwa?" Pasipoti nikaiombea Kisumu, ikachukua muda wake, ikatoka.

Ikabaki ndoa. Mke wangu aliomba likizo kazini kwake, akapewa fupi. Kwa DC wa Bungoma nikaambiwa kwamba tangazo la ndoa lazima likae ubaoni wiki tatu kabla ya siku yenyewe, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kama tungemsubiri afike ndipo tubandike, likizo ingekwisha tukitazama ubao. Nikaruhusiwa kulitoa mimi peke yangu. Nikajaza majina yangu, nikajaza na yake kama yalivyokuwa kwenye pasipoti: jina la ubatizo, refu, la mtakatifu ambaye sidhani kuna mtu kijijini kwao aliyewahi kulitumia. Nyumbani aliitwa kwa jina la nyanya yake, na hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote. Karatasi ikabandikwa ubaoni kati ya tangazo la mnada wa ng'ombe na lile la chanjo. Nikarudi Kitale nimetulia. Niliona kazi kubwa imekwisha.

Haikupita wiki moja. Nilikuwa namweleza mama mmoja jinsi ya kuwapa kondoo dawa ya minyoo, nikainua macho nikamwona baba mkwe amesimama mlangoni.

Mzee huyu alikuwa karani wa kiwanda cha sukari hadi alipostaafu, mtu mpole, mwenye maneno machache yaliyonyooshwa kama shati lake. Kwetu mkwe haji kwako bila kukutumia habari. Akija hivyo kuna jambo. Na jambo la kwanza lililoniingia akilini lilinifanya nishike kaunta.

"Mzee, ni yeye? Amepatwa na nini?"

"Yeye unamuulizia?" akasema. "Yeye yuko huko kwa baridi, anahangaika. Ni wewe uko huku unaoa."

Yule mama wa kondoo akaiweka chupa ya dawa chini taratibu asije akakosa neno.

"Naoa nani, mzee?"

"Unaniuliza mimi? Si umemwandika kwa ubao wa DC? Jirani yangu alienda mambo ya shamba, akaona jina lako kwa macho yake. Wewe na mwanamke wa jina la Kizungu."

Ndipo nikaelewa. Hakuna aliyekufa. "Mzee," nikamwambia, "huyo mwanamke ni binti yako."

"Binti yangu ulishaoa. Hao ng'ombe si nilipokea mimi? Tangu lini mtu anaoa mtu mara mbili?"

Hata mimi nilikuwa nimemwambia mwanasheria vivyo hivyo. Nikajaribu kueleza habari za ubalozi, za cheti, za likizo, lakini kila nilichosema kilisikika kama uongo wa mtu aliyekamatwa. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akasema maneno mawili tu: "Twende nione." Tajiri wangu, mwenye duka, aliyekuwa ameyasikia yote kutoka chumba cha nyuma, alinifungulia mlango kwa mkono wake.

Safari nzima kutoka Kitale hadi Bungoma mzee alikaa mbele na dereva, mimi nyuma. Tulipofika kwa DC mzee alitembea mbele yangu, akasimama mbele ya ubao, akatoa miwani kwenye mfuko wa shati. Alianza na mnada wa ng'ombe, akausoma wote. Kisha akafika kwetu. Kidole chake kikapita juu ya jina langu bila kusimama. Kikaingia kwenye jina la pili, kikapunguza mwendo, kikasimama.

"Hili jina," akasema, "ni mimi nilichagua. Mama yake alitaka lingine."

"Ndiyo, mzee."

Akasoma tena kutoka juu. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa, akasoma mara ya tatu. Nilitazama kando kumpa nafasi. Kulikuwa na watu wengi kwenye foleni za pale na hakuna aliyejua kilichokuwa kikiendelea kati yetu.

"Yule jirani," akasema hatimaye, "hasomangi mpaka mwisho."

Hakuniomba msamaha, na mimi sikuutarajia; mzee wa kwetu kumwomba mkwe msamaha ni aibu kwa wote wawili. Alinipeleka hotelini, akaniagizia chai na mandazi, akanisukumia sahani kila nilipoiacha. Tukazungumza habari za mahindi. Alipomaliza kikombe chake akauliza, "Hiyo siku yenyewe, wanataka mashahidi?"

"Wawili."

"Andika mimi mmoja." Akakisukuma kikombe kando. "Na huko utafanya kazi gani?"

"Sijui bado, mzee. Watu wananicheka kwamba nimeolewa."

"Wacha wacheke. Wewe nenda. Si vizuri mtu kukaa peke yake kwa barafu."

Sijui kama alijua alichonifanyia kwa maneno hayo. Kwa miezi mingi nilikuwa nikikusanya karatasi kama mtu anayeiba. Kuanzia siku hiyo nilizikusanya mchana kweupe, na aliyeniuliza nilimjibu.

Mke wangu akaja. Nilimpokea Kibomet akiwa amekonda, anatembea upesi kana kwamba kuna kengele inamwita, na mikono yake imekauka kwa sabuni ya hospitali. Chakula cha kwanza tulikula kama wageni. Alinishukuru nilipompa maji. Nikaogopa. Nikawaza, labda tunatafuta cheti cha kitu ambacho kimeshaondoka. Kisha akafungua begi, na juu kabisa, juu ya nguo na zawadi za watu, kulikuwa na faili. Akatoa barua ya kazi, akatoa mkataba wa nyumba aliyopanga, akanionyesha mahali alipoulizwa nani atakayeishi humo. Alikuwa ameandika jina lake, na chini yake langu.

"Hii niliandika lini, unajua?" akauliza. "Siku ya kwanza. Mwenye nyumba akauliza huyu mwingine yuko wapi. Nikamwambia anakuja. Amekuwa akiniuliza mpaka amechoka."

"Na wewe hukuchoka?"

"Nilichoka kujibu. Kukungoja sikuchoka." Kisha akaangalia sufuria ya mboga. "Hii sukuma umeweka chumvi mara ngapi?"

Hapo ndipo tukarudi kuwa sisi.

Siku ya ndoa kule Bungoma tulikuwa wachache. Mama yangu alikuja, baba mkwe akaja na lile koti la mahari, shahidi wa pili akawa tajiri wangu wa dukani. Na mama mkwe naye akaja, jambo lililoleta tatizo ambalo sikuwa nimelifikiria. Kwetu mimi na mama mkwe hatushikani mikono, hatukai karibu, wala hatukai pamoja katika chumba kidogo. Ni heshima; ndivyo tulivyolelewa. Na ofisi ile ilikuwa ndogo, imejaa meza na makabati. Alifika mlangoni, akaniona, akageuka, akazunguka nyuma ya jengo. Baada ya muda kitambaa chake cha kichwa kikaonekana dirishani.

Ofisa wa kufungisha ndoa alikuwa mtu wa pwani, ndiyo kwanza amehamishiwa Bungoma. "Yule mama aliye nje," akauliza, "si jamaa yenu? Mwambieni aingie, nafasi ipo."

"Haiwezekani, bwana," baba mkwe akamjibu. "Huyu kijana ni mkwe wake."

"Ndiyo maana nasema aingie."

"Ndiyo maana haingii."

Ofisa akatutazama mmoja mmoja, akaona hakuna anayecheka. Basi akainuka mwenyewe, akafungua dirisha mabawa yote mawili, akarudi kwenye kiti chake, na kuanzia hapo akasoma kila kitu kwa sauti ya juu, amelielekea dirisha. Alipofika pale pa kuuliza kama kuna mwenye pingamizi akanyamaza kama inavyotakiwa. Sauti ikatoka nje: "Hakuna! Endelea!" Hata karani aliyekuwa akipiga chapa pembeni aliacha kazi akacheka.

Kisha akaniuliza mimi kama namkubali mwanamke huyu. Nikasema ndiyo. Akamgeukia mke wangu akamwuliza swali lile lile. Yeye hakujibu mara moja. Nilimtazama nikaona machozi yanamlengalenga, nikaona pia kwamba anajizuia kutabasamu.

"Nimekubali," akasema, kwa sauti kubwa kuliko ya ofisa.

Tulipotoka nje nikamwuliza kwa nini alichelewa kujibu, maana alinitia hofu.

"Ile mara ya kwanza," akasema, "wazee waliongea, wakahesabu, wakakubaliana, wakala. Mimi nilikuwa jikoni. Hakuna aliyeniuliza. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiuliza. Nilitaka kulisikia vizuri swali."

Nimezeeka kidogo tangu siku ile, na nimesikia maneno mengi mazuri, lakini hayo bado nayaweka peke yake.

Mpiga picha wa mjini alitupanga mbele ya jengo, akatupiga tukiwa na cheti, tukiwa na wazee, tukiwa wawili. Picha aliyokuwa amepiga ndani ndiyo iliyopendeza kuliko zote: sisi wawili tumesimama mbele ya meza, na kati ya vichwa vyetu, ndani ya fremu ya dirisha, mama mkwe amejifunika mdomo kwa kiganja.

Likizo ikaisha, akarudi na nakala zake. Mimi nikapeleka zangu Nairobi, ubalozini. Siku ya mahojiano nilivaa shati ambalo mama alikuwa amelipiga pasi hadi likang'aa. Ofisa alikuwa mwanamke Mzungu wa makamo, asiye na haraka. Alisoma, akageuza, akasoma. Akauliza, kwa nini ninasema nina mke miaka mingi na cheti ni cha juzi? Mwanasheria alikuwa amenishauri nijibu kwa kifupi. Nilipofungua mdomo sikuweza. Nikamweleza yote, ng'ombe, Desemba zilizopita, tangazo, baba mkwe akisimama mlangoni pa duka. Nilikuwa nikisikia sauti yangu inaendelea na moyo unaniambia nyamaza.

Akainua ile picha. "Huyu aliye dirishani ni nani?"

"Mama wa mke wangu."

"Hakualikwa?"

"Alialikwa. Alikuja kutoka mbali."

"Kwa nini basi yuko nje?"

Nikamweleza heshima ya mkwe. Aliniuliza maswali mengine juu ya hilo ambayo nadhani hayakuwa ya kazi yake. Nyumbani kwao tukizuru tunafanyaje? Akiugua je? Nikamwambia akiugua nitamtuma mke wangu aingie nami nitakaa nje dirishani. Akaitazama picha tena kwa muda, akaiingiza kwenye faili, akaniambia nikangoje, kisha nirudi alasiri nichukue pasipoti.

Alasiri ilikuwa mbali. Nilikaa kwenye nyasi kando ya barabara nikiwa na chupa ya soda ambayo sikuinywa. Niliporudi na kuitwa, kijana wa dirishani akanisukumia bahasha bila kunitazama. Nikaenda pembeni, nikageukia ukuta, nikafungua. Viza ilikuwa ndani. Niliisoma kama baba mkwe alivyosoma ubaoni, kutoka juu, mara tatu. Kisha nikagundua kwamba mgongo wangu unauma. Nadhani ulikuwa umeuma kwa miezi mingi, ila sikuwa na nafasi ya kuusikia.

Nikapiga simu moja kwa moja kwenye wodi yake, jambo ambalo alikuwa amenikataza. Mwenzake akapokea, akaenda kumwita. Nikasikia viatu vinakuja mbio.

"Ni mama?" akauliza, pumzi juu. "Kuna nini?"

"Wamekubali."

Nikasikia chuma kimeanguka sakafuni kikazunguka, kikazunguka, kikatulia.

"Ni nini hiyo?"

"Nimeangusha bakuli."

"Lilikuwa na kitu?"

"Lilikuwa safi," akasema, akaanza kulia na kucheka, na nyuma yake nikasikia wanawake wenzake wakiuliza kuna nini, kuna nini, naye akiwaambia kwa Kiingereza kwamba mume wake anakuja.

Kitale nilifika nikiwa na njaa ya wiki nzima. Nikala, nikalala, nikaamka nikala tena. Wateja walikuja kuniaga dukani, na yule wa Kachibora akaniletea gunia dogo la unga wa mahindi yake mwenyewe. "Usiende ukatuaibisha kwa mikate," akasema. Sehemu kubwa ya unga nilimwachia mama, kidogo nikaubeba.

Mke wangu alinipokea uwanja wa ndege na koti lililonizidi mikono, akanishika mkono hadi nyumbani kana kwamba naweza kupotea kwenye barabara iliyonyooka. Mwenye nyumba alitoka mlangoni kwake makusudi kuja kuniona. Siku ya pili yake alienda zamu ya asubuhi, nami nikabaki nikijifunza jiko. Aliporudi nilikuwa nimesonga ugali, nimepika mayai na nyanya. Alikula bila kuvua sare, akaegemeza kichwa ukutani, akalala palepale na tonge mkononi.

Nililitoa tonge taratibu nikaliweka sahanini, kisha nikakaa kitako mbele yake. Nje kulikuwa na mvua nyembamba isiyo na sauti. Nilijaribu kukumbuka ni ofisi gani ninayotakiwa kwenda kesho, na karatasi gani bado, na nani sijamwona. Hapakuwa na ofisi. Nikanyoosha miguu chini ya meza, nikamalizia ugali wake.